Komeo la Bunduki ya Ferdinand

Nje ya duka la Rosemary kule Lanham, ughaibuni, kati ya mlango na duka la kufulia nguo kwa mashine, pana benchi ambalo meneja wa jengo ameshindwa kuliondoa. Jumamosi ile Elisante alikaa hapo na hasira yake, kahawa ikimpoa mkononi. Mdogo wake, Ferdinand, alifariki akiwa bado hajamaliza kuundisha bunduki ya kuwindia kulungu. Mtutu alishanunua, gogo la kitako alilichagua mwenyewe, lakini chuma cha katikati, kile chenye komeo unalovuta ili risasi iingie na ganda litoke, hakuwahi kukiamua. Tanga litavunjwa mwezi ujao, na kwao silaha ya marehemu hukabidhiwa mrithi ikiwa nzima, si vipande. Mrithi ni Jacqueline, mtoto wa pekee wa Ferdinand. Fundi wa bunduki wa Bladensburg alitaka jibu siku hiyo hiyo, maana gogo likishachongwa kufuata komeo, halichongwi tena.

— Fupi, mzee, alisema Gitau, dereva wa folklifti, gari la kuinulia mizigo ghalani, huko Landover, anayejiita Injinia. — Komeo fupi ni jepesi. Unavuta chap, unarudisha chap. Chelewa chelewa utapata mwana si wako!

— Fupi la nini? alifoka Kiplagat, ambaye wanamwita Kamanda kwa sababu aliwahi kulinda geti la benki Eldoret. — Chukua refu, lenye ukucha mpana wa kushika ganda. Kidole kimoja hakivunji chawa!

— Ukucha wa nini, unawinda kifaru? Hapa ni kulungu wa kula maua ya majirani!

— Kulungu wa huku wanalishwa mahindi ya dawa, wewe. Ngozi imekuwa bati.

— Basi achukue la titani. Chuma cha kawaida wanakinusa toka maili tatu.

— Titani linaita radi!

— Radi ikupige wewe kwanza!

Elisante aliweka kikombe chini, kahawa ikamwagika kwenye kiatu.

— Mungu anawasikia, alisema. Alizungumza polepole, kama kawaida yake, na upole ule ulitisha kuliko kelele zao. — Ndugu yangu yuko ardhini, nanyi mnataniana juu ya bunduki yake.

— Si utani, mzee wetu. Tunasaidia.

— Mnasaidia! Mwaka mzima alikaa hapa mkimsaidia hivi hivi. Kila akikaribia kuamua, mnamvuruga. Amekufa hajachagua.

— Sasa unatulaumu kwa kifo? Gitau aliuliza, sauti ikipanda.

— Nawalaumu kwa maneno. Kifo nimemwachia Mungu.

Elisante alitoa simu. Refu, lenye ukucha, basi. Aliamua kwa sababu alikuwa amechoka kusikia. Akampigia fundi, na simu ikaanza kuita.

Edah, muuguzi aliyekuwa ametoka zamu, alifika kununua maandazi. Akawaamkia, kisha akauliza ugomvi ni wa nini. Kamanda akamweleza.

— Na Jacqueline anashika kwa mkono gani? aliuliza Edah. — Baba yangu alikuwa shoto. Komeo la bunduki yake lilikuwa upande wa kushoto.

— Wa kulia, alisema Kamanda. — Nimemwona akila.

— Mbele yako nani atakula kwa kushoto? Gitau alidakia.

Akilini Elisante alimwona Jacqueline mezani kwake, Jumapili baada ya ibada, mwaka baada ya mwaka: akila kwa kulia, akisalimu kwa kulia. Hivyo ndivyo alivyowalea watoto wote wa ukoo. Aliyenyoosha wa kushoto, Elisante aliupiga mkono ule, akaugeuza, na hakutazama tena.

Hakujua kama ule wa kulia ulikuwa mkono wa Jacqueline kweli, au ni adabu tu.

Simuni, fundi aliuliza mara ya pili kama kuna mtu.