Betri ya Kuchaji

Kijana wa mbele yangu basini alipakata pedali, kile kidude cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa, akiibonyeza kila mara kuona kama taa inawaka. "Mwanangu, utaimaliza betri," akasema mama aliyeketi naye.

"Ni ya kuchaji, mama. Onyesho lililopita nilichomeka pedali kwenye umeme wa ukutani, ikanguruma kama jenereta, baba akatoka ukumbini. Leo amekubali kurudi."

"Sasa hofu ya nini?"

"Betri hizi huzima ghafla, haziagi."

"Piga gitaa tupu basi, bila pedali."

"Atasikia makosa yangu yote!"

"Si ndiyo atakusikia wewe?"

Kijana aliibonyeza tena pedali. Nami nilijifanya nasoma simu. Basi liliposimama mbele ya ukumbi, mzee mmoja alikuwa peke yake mlangoni, amevaa suti, amewahi kuliko wote.