Ukurasa wa Kulia: Maisha ya Mwalimu Anatoli Ntilampa (1950–2009)

Mwalimu Anatoli Ntilampa alizaliwa tarehe 3 Machi 1950, Heru Juu, wilaya ya Kasulu, mtoto wa pili wa Mzee Bonifasi Ntilampa na mkewe Evaline. Alilelewa na babu yake, mfugaji, ambaye kila jioni alisimama mlangoni pa zizi akawasifu ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, kama mashujaa waliotoka vitani: huyu ana mikuki, yule amefukuza maadui. Ndivyo wazee wetu walivyowasifu ng'ombe. Anatoli alizijua sifa hizo kabla hajajua kusoma, na tunaomba mlikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi palepale Heru Juu, kisha sekondari mjini Tabora, akahitimu mwaka 1969. Huko Tabora ndiko muziki wa roki ulikomnasa, kupitia redio ya mpishi wa shule. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kuokoteza, basi akanunua daftari. Ukurasa wa kushoto aliandika maneno ya wimbo, wa kulia akaandika maana aliyoamini imefichwa ndani yake. Ameacha madaftari kumi na tisa.

Baada ya chuo cha ualimu Mwanza, alifundisha Kiingereza katika shule za sekondari hapa Kigoma tangu 1973 hadi alipostaafu mwaka 2005. Jumamosi alasiri alibeba redio kaseti yake hadi ufukweni Kibirizi, kwenye kibanda cha rafiki yake Gervasi, muuza dagaa, akawafafanulia watu nyimbo za roki. Kwake mlango haukuwa mlango, wala treni haikuwa treni. Wachuuzi waliacha dagaa juani wakasikiliza jinsi mwimbaji wa Ulaya anavyomlilia mama yake huku akijifanya analilia gari. Siku moja Gervasi alimwuliza, "Lakini Mwalimu, hakuna hata mmoja aliyeimba gari kwa sababu tu analipenda gari?" Marehemu alicheka sana, akageuza kaseti.

Alifunga ndoa na Winfrida, binti wa Mzee Dismasi wa Ujiji, tarehe 18 Desemba 1976. Wakati wa uchumba Winfrida alimwandikia: "Nitakuja Jumapili mvua isiponyesha." Siku tatu Anatoli hakula, kwa kuwa alikwishagundua kwamba mvua ni mwanamume mwingine. Jumapili ikanyesha kweli, na Winfrida akaja hivyohivyo, ameloa chapachapa. Aliposimuliwa alitamka neno ambalo nyumbani kwetu limekuwa methali: "Anatoli, mvua ni mvua."

Sehemu inayofuata mama yetu, Winfrida, alituomba tuiruke. Marehemu aliagiza isomwe mbele ya kaburi lake, na wosia hauvunjwi.

Mwaka 1997, mkoa wetu ukiwa umejaa wakimbizi na kila mtu akimshuku mwenzake, maofisa wawili wa serikali walimletea kaseti. Ilikuwa ya Selestini, kijana wa Kirundi wa miaka ishirini na mbili, aliyepiga gitaa la umeme katika kambi moja huko Kasulu na kuimba roki kwa Kirundi. Walitaka kujua kama wimbo unaita watu vitani. Marehemu alisikiliza beti mbili tu, za Gitare mwenye mikuki miwili, aliyevuka mto, maadui wakatawanyika. Akazima redio. Ukurasa wa kulia akaandika: mikuki ni bunduki, mto ni Malagarasi, Gitare ni kamanda; akawakabidhi maofisa. Aliandika kwa furaha, alikiri mwenyewe, kwa kuwa hatimaye wakubwa walikihitaji kipaji chake. Wiki ileile Selestini alitolewa kambini akavushwa mpakani, akarudishwa Burundi. Mama yake, Verediana, hajamwona tena hadi leo.

Jumamosi iliyofuata aliipiga kaseti ile Kibirizi. Gervasi akasema, huku anapepeta dagaa, "Huyu si anamsifu ng'ombe wake?" Marehemu alizima redio, akakaa chini palepale mchangani. Aliandika barua nne kufuta maneno yake. Hakuna iliyojibiwa. Redio kaseti ikapanda juu ya kabati na haikushuka tena.

Alianza kuugua figo Februari 2008. Aprili mwaka huu, Marehemu akiwa amelazwa, Mama alisafiri bila kumuaga hadi kambini, akamtafuta Verediana. Verediana alikuja wodini na kibali cha siku tatu cha kutoka kambini.

"Amahoro, Mwalimu," alimsalimu kwa Kirundi.

Marehemu alijaribu kuinuka. "Mama, nimemuua mwanao."

"Mimi sijui kama amekufa. Usinifafanulie na hilo."

Alivuta kiti, akakaa. "Wewe Muha mzima. Babu yako hakuwa na inka?"

"Alikuwa nao ng'ombe, mama. Nilijua. Nilitaka kujua zaidi ya ninachojua."

"Na wimbo, uliusikiliza mpaka mwisho?"

"Sikuusikiliza."

Ndipo akamwimbia ubeti wa mwisho, ule ambao Gitare amefika mlangoni pa zizi, amesimama, anamlilia ndama wake. Marehemu aliomba daftari. Aliandika maneno yote upande wa kushoto. Upande wa kulia kalamu ilisimama, kisha akalifunga. Verediana hakusema kwamba amemsamehe, nasi hatutamsingizia.

Mwalimu Anatoli alifariki Jumapili tarehe 14 Juni 2009, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Gungu, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ameacha mjane, Winfrida, watoto watatu, Regina anayewasomea, Noel na Selina, wajukuu watano, na Gervasi, ambaye kwetu ni baba mdogo. Aliagiza katika orodha hii liandikwe jina moja zaidi: Selestini, popote alipo.

Mkikifungua kijitabu hiki katikati, kushoto mtaukuta ubeti ule. Kulia ni karatasi tupu. Mchapaji alipiga simu mara mbili akiuliza kama kuna kitu tumesahau. Hatukusahau.

Mama Verediana amefika, amekaa pale nyuma. Kabla ya udongo atauimba wimbo wa mwanawe. Tunaomba asikilizwe mpaka mwisho, ndipo Mwalimu apumzike.