Historia ya Fundi Nyuzi, Aliyeogopa Kuuliza Mkono Wake

Ndugu, majirani na wenzake wa kazi, mlioketi na mliosimama kule ukutani, familia imenituma mimi, shemeji yake marehemu, niwasomee safari ya maisha ya mtu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Nyuzi, na imeagiza isomwe yote pamoja na hofu zake, kwa sababu ukiiondoa hofu katika maisha ya ndugu yetu huyu, kinachobaki hakijazi ukurasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1965, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya useremala ya baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka amekunja ngumi zote mbili, mkunga akajaribu kuzifungua akashindwa, akasema huyu kuna kitu kaja nacho na hataki tukione.

Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka tisa, alisimama kando ya meza ya msumeno wa umeme akimtazama baba yake akipasua ubao, baba ambaye alikuwa amepasua mbao maisha yake yote bila hata mkwaruzo, ndipo akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza, baba, unajuaje pa kusukuma na pa kuachia, na baba, kwa kuwa alimpenda mwanawe na hakuwahi kuulizwa jambo hilo na mtu, akautazama mkono wake ili apate kueleza, akafungua kinywa, na msumeno ukachukua vidole viwili. Baba hakumlaumu hata siku moja, jeraha lilipona akarudi kazini, lakini mtoto alijiwekea sheria moyoni ambayo hakumwambia mtu kwa zaidi ya miaka arobaini, nayo ni kwamba mkono unaojua kazi hauulizwi, ukiulizwa utaondoka.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani kuanzia 1972 hadi 1978, kisha sekondari kuanzia 1979 hadi 1982, akawa hodari wa kuchora na kuchonga, ila mpira hakucheza kwa kuhofia vidole, na darasani hakunyoosha mkono hata alipolijua jibu, walimu wakawa wanaandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto mpole, kumbe upole haukuwepo, ni woga mtupu.

Mwaka 1985 aliajiriwa na kikundi cha maigizo kama fundi wa mapambo ya jukwaa, na mwaka 1989 alimchonga Jasiri, yule kikaragosi wa mbao mwenye kofia nyekundu, askari asiyeogopa chochote, anayeendeshwa kwa nyuzi tisa, na ninyi mliomwona jukwaani mnakumbuka jinsi alivyotangulia kwa kisigino, na jinsi alivyosita kidogo kabla ya kugeuka kama mtu aliyeacha kitu nyumbani, mpaka watoto wakasahau kwamba juu ya pazia kuna mtu. Mtu huyo alikuwa akificha uso wake kila siku ya kazi kwa miaka karibu thelathini. Mikono yake aliitunza kama mayai, akisalimiwa alitoa kiwiko, mlango wa gari alifunguliwa, na siku moja msumari ulipotakiwa kupigiliwa nyumbani kwake, yeye mtoto wa seremala, alimwita jirani, jirani akacheka sana akasema kweli mganga hajigangi.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na dada yangu, mshona mavazi wa kikundi hichohicho, na posa yenyewe aliileta Jasiri, ambaye alipiga goti mbele ya cherehani huku mwenyewe amejibanza nyuma ya pazia, dada akajibu kwamba hana shida na askari, ila ataolewa na anayeshika nyuzi, basi atoke aonekane, na inasemekana chai ilipoa kabla hajatoka. Mungu aliwajalia watoto wawili, kifungua mimba wa kiume aliyezaliwa 1994, ambaye sasa ni fundi wa magari, na kitindamimba wa kike aliyezaliwa 1997, ambaye tangu akiwa mdogo alikuwa akilala chini ya jukwaa kwenye rundo la mavazi, akitazama miguu ya Jasiri kwa chini. Binti huyu alipofika miaka kumi alimwomba baba yake amfundishe, marehemu akamfokea mbele ya watu, akamwambia aende akasome na asiulize tena, na kwa kuwa lilikuwa jambo la mara moja katika maisha yao, lilimwingia mtoto kama mwiba, hakuuliza tena.

Mwaka 2016 kiongozi wa kikundi alimkalisha chini akamwambia waziwazi kwamba wewe ukifa, Jasiri ni kuni, kwa sababu wanagenzi wote waliopita mikononi mwako walijifunza kwa kuchungulia, na mtu hajifunzi nyuzi tisa kwa kuchungulia. Maneno hayo yalimtisha kuliko alivyoonyesha, na mwezi Septemba mwaka huo alijiunga na masomo ya shahada ya uzamili yaliyoanzishwa kwa ajili ya wasanii walio kazini, ambayo hayamtaki mtu aache kazi, ila ahudhurie Jumamosi mbili kila mwezi, aichunguze kazi yake mwenyewe, aiandike, na mwisho aionyeshe mbele ya watahini. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya juu, chenye feni inayolalamika, na wanafunzi wenzake walikuwa mwimbaji, mchekeshaji, mpiga picha na mchongaji, watu wazima waliofika wamechoka, wenye rangi kwenye kucha, wanaoazimana kalamu, na marehemu aliwapenda, akatudokeza kwamba hajawahi kukaa na watu wengi walioogopa namna ile.

Miezi ya kwanza alipita kwa ujanja, aliandika habari za mbao, za rangi na za vikaragosi vya zamani, akajirekodi kwa simu kila mwezi akimwendesha Jasiri kama chuo kilivyotaka, lakini mwaka 2017 mwalimu msimamizi wake, mama aliyekuwa mcheza dansi mpaka goti lilipomsaliti, alimrudishia kurasa zake zote, akamwambia amesoma habari za kila kitu isipokuwa mkono, na sasa anataka sura moja tu, Jasiri anatembeaje. Marehemu aliianza sura hiyo mwezi Mei 2017 akitokwa jasho, na kabla ya wiki kwisha, akiwa mezani asubuhi, kikombe kikaanza kugonga kisahani chake, akautazama mkono wa kulia, ukawa unatetemeka, akauwekea wa kushoto juu yake, ukaendelea kutetemeka chini yake.

Hapo ndipo hofu ya maisha yake yote ilipobisha hodi, na yeye akaifungulia mlango, maana hakuwa na shaka hata chembe kwamba mkono umeulizwa na sasa unaondoka. Hakwenda hospitali, aende kumweleza daktari nini, badala yake aliacha masomo bila kuaga, akazichoma zile kurasa alizokwisha kuandika, akaanza kuuficha mkono mfukoni, jukwaani akabadilisha michezo ili Jasiri awe amekaa zaidi ya kusimama, na kila asubuhi alinyanyua kikombe kuona kama amesamehewa. Hakusamehewa. Sisi nyumbani tuliona mtu anayepungua, anashtuka mlango ukigonga, anakula kwa mkono wa kushoto, na tukiuliza anasema amelalia bega vibaya.

Mkewe alipombana mwezi Septemba akaambiwa yote, habari ya msumeno na habari ya sura, hakulia, alivaa viatu akaenda moja kwa moja hadi chuoni, akasimama mbele ya mwalimu na wanafunzi wakiwa wamekaa, akasema, "Mama, nimefuata mkono wa mume wangu, ameuacha hapa kwenu." Mwalimu hakucheka wala hakukasirika, alimvutia kiti, akafungua zile video moja baada ya nyingine kuanzia ya kwanza kabisa, wakazitazama wanawake wawili, mmoja anayejua miili na mwingine anayemjua mwenye mwili, na katika video iliyorekodiwa miezi mingi kabla mstari mmoja wa sura ile haujaandikwa, dada yangu aliona uzi wa goti la kushoto ukicheza mahali ambapo Jasiri alipaswa kusimama kimya. Mwalimu akamwambia kwamba huo si woga wala si kalamu, goti lake pia lilianza hivyo kidogokidogo, na kwamba kesho yake asubuhi ampeleke kwa daktari, hata kama ni kwa kumburuta.

Hospitalini walikuta uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoongoza mwendo, mahali ambapo kisu hakifiki bila kuharibu, daktari akaeleza kwamba haukuanza jana, kwamba angekuja mapema angekuwa na muda mrefu zaidi, na kwamba sasa watatumia mionzi kuuchelewesha. Marehemu hakuuliza amebakiwa na muda gani, aliuliza kama uvimbe unaweza kuletwa na kuandika, daktari akasema hapana, akauliza mara ya pili, akajibiwa hapana. Walipokuwa wanatoka kwenye korido aliketi kwenye benchi akasema kwa sauti ndogo, basi na baba je, na mkewe akamwambia jambo ambalo kila seremala analijua na ambalo hakuna aliyefikiria kumwambia mtoto wa miaka tisa, kwamba baba yako alikatwa kwa sababu msumeno ule haukuwa na kinga. Alilia pale kwenye benchi mpaka wauguzi wakaja kuuliza kama kuna mtu amefariki.

Tusiseme kwamba hofu iliisha, ndugu waombolezaji, ilibadilisha chumba tu, kwani sasa aliogopa kwamba mkono utamalizika kabla ya sura, na sisi tuliogopa kwamba sura itammaliza yeye, mkewe akamsihi apumzike, kifungua mimba akanuna, lakini mwalimu alimpokea tena, na kwa kuwa kalamu haikushikika, binti yake ndiye aliyekaa kuandika. Binti alikuwa bado hana ruhusa ya kuuliza, lakini siku moja akajikaza, na bila kujua habari yoyote ya karakana akauliza, "Baba, unajuaje pa kuvuta na pa kuachia?" Marehemu aliinuka, akaondoa mkasi wa mkewe mezani, akaondoa patasi, akaondoa hata sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye mto, akavipeleka vyote chumba kingine akafunga mlango, akarudi akamketisha binti mbali na ukingo wa meza, akashika mikono yake yote miwili akaitazama vizuri, kidole kwa kidole, ndipo akaanza kueleza. Alieleza wiki nyingi.

Tarehe 17 Novemba 2018 alifanya onyesho lake la mwisho mbele ya watahini watatu na ukumbi uliojaa, na masharti yalimtaka afanye kazi bila pazia, uso wazi, jambo ambalo lilimfanya atapike mara mbili kabla ya kuingia. Jasiri alitoka akitetemeka mwili mzima, kofia ikigonga bega, na ukumbi ukaingiwa na hofu kwa sababu kila mtu alielewa anachokiona, na marehemu naye, badala ya kupigana na mkono, aliuachia, akamwacha askari wake aogope kwa mara ya kwanza, asite, ageuke nyuma kutafuta pazia asilikute, kisha aendelee kutangulia kwa kisigino mpaka upande wa pili wa jukwaa. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, si ya Jasiri, kwamba mtu akitetemeka atetemeke, ila aende. Tulipomtazama usoni, uso ule ambao watazamaji hawakuwahi kuuona, alikuwa bado anaogopa. Alifaulu.

Afya yake ilianza kuteremka mwezi Januari 2019, akalazwa mwezi Machi, na tarehe 2 Aprili 2019, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameushika mkono wa kulia, mkono ulitulia kwanza, naye akafuata. Ameacha mke, watoto wawili, ndugu wanne, na Jasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu swali lilelile mara mbili bila kuchoka, majirani waliomfungulia milango na kumpigilia misumari, kikundi chote cha maigizo, wanafunzi wenzake wa Jumamosi ambao leo wamekuja na rangi kwenye kucha zao, na mwalimu wake, ambaye dada yangu ameomba asimame aonekane. Sura ile iko maktaba ya chuo, na nakala yake iko nyumbani, binti anaisoma kila asubuhi huku amezishika nyuzi, Jasiri ameshaweza kuinua kichwa, kutembea bado, na binti anasema mikono yake inatetemeka, si kwa ugonjwa, kwa hofu tu.

Fundi wetu, mkono wako umetulia, hakuna wa kuuuliza tena, pumzika kwa amani, nasi huku tutatetemeka, ila tutakwenda.