Gari ya Course ya Papa Manassé

Pale Vulamba, mtaa wa Butembo, njia ya udongo inapoikuta barabara kubwa, kuna benchi la mbao za mikaratusi lisilopoa tangu asubuhi. Katungu huuza kahawa hapo, nyeusi, yenye tangawizi ya kukohoza. Delphin, dereva wa pikipiki ya taxi-moto, wanamwita Sans Frein, Bila Breki. Éliakim, fundi wa simu, ni Radio, kwa sababu habari humfikia kabla haijatokea. Gamaliel, dalali wa viwanja, ni Notaire, kwa ajili ya hati zake. Jumanne hiyo neno lilikuwa moja tu. Papa Manassé, fundi wa magari, alikuwa ametundika kikaratasi kwenye lango lake ng'ambo ya barabara: À VENDRE, yaani inauzwa. Gari ya course, ya mashindano ya mbio, ya zamani, nyepesi sana. Mnunuzi alitazamiwa saa sita, akitokea Kasindi. Gamaliel alikisoma mara mbili, akaketi, na kahawa ikampolea mkononi.

— Anauzisha kweli, Delphin akasema. Ile kagari ka kijani, kenye kulala chini kama mende.

— Mais nani atanunua kitu ya viti mbili tu? Katungu akauliza. Hata mufuko ya makala ya kupikia haiingie.

— Mama Katungu, hauoni mbali, Delphin akasema. Mule mu moteur kuko zahabu. Ule muzungu wa kahawa, patron, bosi wa baba yake Manassé, alikimbia na mbio, akaificha humo. Njo maana bazee banasema: haraka haraka haina baraka.

— Sasa methali hiyo inaingia wapi? Katungu akauliza.

— Inaingia mu moteur.

Radio akatikisa kichwa kwa huruma.

— Zahabu iko nzito. Ile gari batu mbili banainua mbele yake na mikono! Musikilize. Ile haiko gari. Ilikuwaka avion, ndege. Ilianguka kule Mavivi, mabawa ikakatika, bakaitia mapira.

— Avion ya nani?

— Ya mutu mukubwa. Jina siwezi kutaja, nilikatazwa. Lakini bodi ni aluminium, gonga usikie! Debe tupu haliachi kuvuma.

— Basi na kichwa yako iko aluminium, Delphin akasema. Mi najua. Muzee anatafuta kuoa. Mutu anauzisha kitu ya bujana wake ju ya bibi mupya.

Katungu akaifunga termosi.

— Macho yake inazimika. Joyeuse, binti yake, anamutwaa Beni akae naye. Haone tena njia. Mutu hivyo atafanya nini na gari ya mbio?

Kisha Radio akasema taratibu:

— Hapana. Hiyo ni rahisi sana. Haiwezi kuwa kweli.

Walicheka wote isipokuwa Gamaliel.

— Notaire, leo unameza ulimi? Radio akamgeukia. Weye njo unajua ile gari. Si ilibebaka bibi yako?

Mwisho wa benchi alikaa Xavier, mwalimu aliyetumwa kutoka Kananga, wiki yake ya tatu tu mtaani.

— Ilimubeba kwenda wapi? akauliza.

Gamaliel hakupenda kuisimulia, lakini mgeni alikuwa amemkazia macho, basi akasimulia. Ilikuwa miaka ishirini na mbili iliyopita, majira ya mvua. Yeye na mkewe Kavuo walitoka Kayna juu ya lori la viazi, wakirudi Butembo. Mbele ya Lubero walikuta daraja limebomoka, malori yamepanga mstari, matope magotini. Hapo hapo uchungu wa kuzaa ukamshika Kavuo, mwezi mzima kabla ya wakati. Juu ya mto zilibaki boriti mbili tu. Lori halikuweza kupita, wala jeep.

— Manassé alikuwa nyuma yetu mu foleni. Akashuka, akasema: gari yangu iko nyepesi, muibebe. Batu kumi na mbili tukaiweka ku mabega, tukakanyaga zile boriti pole pole, kama siku ya procession tunabeba sanamu ya Bikira Maria. Bamama bakamushika Kavuo mukono mupaka ng'ambo. Bakamuweka mu kiti, na Manassé akaenda. Mi nikabaki mu matope. Haikukuwa kiti ya tatu.

— Na kisha? mgeni akauliza.

— Nilifika Butembo kesho yake. Nikakuta Kavuo amelala, mutoto wetu Audrey ananyonya. Munganga akaniambia: saa moja tena, ungezika bawili.

Katungu akaifungua tena termosi, akamwongezea kahawa.

— Na weye, Xavier akauliza bila ubaya wowote, ulimuambia nini Papa Manassé?

Gamaliel akalitazama lango la ng'ambo. Wiki ile ile mtoto alipozaliwa alikwenda langoni, akaambiwa mzee ametoka. Ukaja ubatizo, zikaja kazi. Mwaka ukapita, na aibu ikaota: mtu anashukuruje baada ya mwaka? Baada ya kumi? Kila siku walisalimiana kutoka ng'ambo ya barabara, ikaishia hapo. Akamtazama Delphin, akamtazama Katungu.

Akaweka kikombe chini, akavuka.

Papa Manassé alikuwa kwenye kigoda, akifuta boneti kwa kitambaa, mkono mmoja ukitangulia kupapasa.

— Nani?

— Ni Gamaliel, Papa. Baba Audrey.

— Karibu. Umeniletea mununuzi?

— Hapana. Nimekuja ju ya... Akashukuru kwa lugha ya kwao. Wasingya, Papa. Ju ya Kavuo. Ju ya mutoto. Nilipashwa kuisema zamani, nikashindwa. Wasingya kutsibu.

Mzee akakiacha kitambaa.

— Baba yangu aliponiachia hii gari, alisema: ilitengenezwa ju ya course, iko siku itakimbia. Nikangoja. Mais huku kwetu kuko course gani? Batu banaichekaka tu. Ile siku ya mvua, bibi yako analia hapa kando yangu, njo course moja tu nilikimbiaka mu maisha. Akacheka, machozi yakimshuka. Na tulishinda, Gamaliel. Tulishinda! Mi njo wa kukuambia asante.

Gamaliel akatoa simu, akampigia binti yake, ambaye siku hizi ni muuguzi Beni.

— Audrey, simama kidogo. Kuko muzee anahamia huko kwenu, macho yake inachoka. Nataka umuangalie kama baba yako. Hapana, haumujue. Ni mimi sikukuambiaka. Ngoja.

Mzee alikuwa amepapasa mlango mdogo wa abiria, akaufungua. Gamaliel akainama, akajikunja, akaingia na matope ya viatu vyake katika kiti ambacho hakuwahi kukikalia, na simu sikioni akaanza kumweleza binti yake, tangu pale kwenye daraja.