Bi Mvuke na Chumba cha Pasi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Mvuke, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne, na msichana pekee. Mama yake alishona magunia. Baba yake alilinda geti la kiwanda hichohicho. Wote wawili walirudi nyumbani saa kumi jioni, lakini aliyekaa kitini alikuwa mmoja tu. Akiwa na miaka sita marehemu alimuuliza baba yake sababu. Jibu halikumridhisha, na hakuacha kuuliza.

Alisoma darasa la kwanza hadi la saba kati ya 1958 na 1964, akamaliza akiwa wa tatu kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Nafasi ya sekondari aliipata. Nyumbani ikaamuliwa kwamba mama anahitaji msaidizi, na msaidizi ni binti. Aliyeendelea na shule ni mdogo wake wa kiume, aliyekuwa wa kumi na tisa darasani kwake. Mdogo huyo ndiye baba wa anayeusoma wasifu huu, na ameridhia yasemwe hivi. Marehemu alipata cheti cha sekondari mwaka 1981, kwa masomo ya jioni.

Tarehe 2 Mei 1969 aliajiriwa katika kitengo cha ufuaji cha hospitali, akapangiwa mashine ya kupiga pasi kwa mvuke. Ndipo alipopata jina lake. Huko kulikuwa na utaratibu wa kupokezana zamu: anayetoka anaeleza mashine ipi inavuja, bomba lipi limelegea, shuka zipi ni za chumba cha upasuaji; anayeingia anarudia yote kwa kinywa chake. Akikosea, anayetoka haondoki. Bi Mvuke aliwahi kumzuia mwenzake dakika arobaini kwa sababu ya vali moja.

Mwaka 1979 alianzisha kikao cha wanawake cha kila Jumamosi saa nane mchana, hapohapo kwenye chumba cha pasi, akakipa kanuni ileile. Hakuna kumpinga mtu kabla hujasema hoja yake mpaka akubali kwamba umeisema sawasawa. Waliiita "sema langu kwanza". Ilihitajika sana, kwa kuwa wote waliofika walitaka mwanamke awe huru, na hawakukubaliana hata kidogo amefungwa na nini.

Wakili wa hospitali, mwanamke wa kwanza katika ofisi yake, aliamini tatizo ni sheria na milango ya kazi: fungua shule, andika haki sawa, mwanamke atajitembelea mwenyewe. Mkunga wa wodi ya wazazi, aliyekuwa amewashona wanawake wengi waliopigwa na waume zao, aliona sheria ni rangi juu ya ukuta uliooza. Kwake mzizi ulikuwa mfumo dume wenyewe, kitandani na jikoni, mahali ambapo hakimu hafiki. Bi Mvuke alisema wote wawili wamesahau kazi. Nani anafua, nani anapika, nani analea bure ili mwajiri apate mtu aliyeshiba na kuvaa nguo safi kila asubuhi? Vyuoni mikondo hiyo ina majina: ufeministi wa kiliberali, wa kiradikali, wa kijamaa. Kwenye chumba cha pasi iliitwa "ya Wakili", "ya Mkunga" na "ya Mvuke".

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi saa mpole, aliyemtangazia mapema kwamba hajui kupika ila yuko tayari kujifunza. Mkunga alihudhuria harusi. Alipoulizwa mbona amekuja, ilhali husema ndoa ni kifungo cha mwanamke, alijibu huku amejaza sahani: "Shoga yangu, nimekuja kula. Msimamo wangu nimeuacha nyumbani, nitaukuta." Fundi saa alijifunza kupika. Binti yao pekee alizaliwa mwaka 1985.

Mwaka 1986 mashine zilihamishiwa jengo jipya, na uongozi ukawaambia wanawake wa Jumamosi kwamba chumba cha pasi ni chao, mita nne kwa tano, mradi wachague matumizi ya aina moja tu. Wakili alitaka meza ya msaada wa sheria. Mkunga alitaka vitanda viwili vya wanawake waliokimbia kipigo. Bi Mvuke alitaka mahali pa watoto wa wafanyakazi. Walibishana wiki tatu, kila mmoja akisema kwanza hoja ya mwenzake. Bi Mvuke alishinda kwa kura kumi na nne dhidi ya tisa. Ili uongozi utie saini upesi, aliandika masharti kwa mkono wake. Sharti la nne lilisema: watoto wa waajiriwa wa kudumu.

Asubuhi ya kwanza alifika mfagizi wa wodi, msichana wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, mtoto mgongoni. Mlezi alimsomea sharti la nne, akamrudisha. Jumamosi mfagizi huyo alikuja kikaoni kwa mara ya kwanza, ndoo mkononi, akasimama mlangoni.

"Nasikia hapa mtu anasemewa lake kwanza," alisema. "Haya, nisemeeni."

"Unasema mwajiri anakunyonya," Bi Mvuke akaanza.

"Hapana."

"Unasema umebaguliwa, na kuna kifungu," Wakili akadakia.

"Dada, mimi vifungu nimesomewa juzi. Hapana."

Mkunga akajaribu: "Unasema hata sisi wanawake tumemezwa na mfumo dume."

"Mama, mimi nimefungiwa mlango, na wanaume siku hiyo hawakuwepo." Akamgeukia Bi Mvuke. "Nyie mnasema mwanamke, mwanamke. Yupi? Wakili akiwa hapa, wanawe wako na dada wa kazi. Huyo dada yuko wapi Jumamosi? Na mimi nikifagia hii sakafu mnayokalia, nahesabiwa wapi?"

Bi Mvuke akajaribu tena kusema hoja ya mfagizi: "Unasema mlango nimeufunga mimi."

"Hapo sawa," mfagizi akajibu, akaweka ndoo chini na kukaa.

Mkondo wa nne uliingia hivyo, ule unaouliza ni mwanamke gani, wa tabaka gani, wa kazi gani, kabla ya kusema "sisi". Bi Mvuke hakuukubali wote. Mpaka uzeeni alishikilia kwamba ukianza kwa kugawa, mwajiri atakumalizia kazi. Lakini Jumatatu iliyofuata alimtoa binti yake katika chumba alichokipigania, akamlaza kwenye kikapu kando ya meza ya kukunjia shuka safi, pamoja na mtoto wa mfagizi. Msimamizi alimwandikia onyo. Alilirudia kwa sauti mbele yake, neno kwa neno, akauliza kama amelisema sawasawa, kisha akaendelea kukunja. Aliandika barua kumi na moja. Wakili alizinyoosha lugha, Mkunga akakusanya saini wodi hadi wodi, mfagizi akaeleza kila mara kosa lilipoanzia. Sharti la nne lilifutwa tarehe 3 Februari 1997. Watoto wa vikapuni walikuwa wamekwisha kuvaa sare za shule.

Alistaafu Machi 2011. Mwaka 2017 mapafu yake, yaliyovuta vumbi la shuka na mvuke miaka arobaini na miwili, yalianza kushindwa. Fundi saa alimuuguza kwa uangalifu aliozoea kuutumia kwenye vyuma vidogo, mpaka alipofariki yeye mwenyewe mwaka 2021. Septemba mwaka huu uongozi ulitoa tangazo: bodi ya hospitali ikiridhia, chumba cha pasi kitafungwa, kiwe ghala la majalada. Binti yao, ambaye ni muuguzi hapo hospitalini, humwacha mwanawe humo kila zamu.

Wenzake watatu walikusanyika kitandani kwake alasiri ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba. Wakili, ambaye sasa ni mstaafu, alitaka kwenda mahakamani. Mkunga, miaka themanini na mbili, alitaka wakae chumbani na wasitoke. Mfagizi, leo mwenyekiti wa wafanyakazi wa mkataba, alitaka mafagio yawekwe chini hospitali nzima.

"Fanyeni yote," Bi Mvuke alisema, oksijeni puani. "Ila bodini aanze mfagizi. Na kwanza aseme la bodi."

Mfagizi akalisema: majalada yanalowa, nafasi hakuna, wagonjwa wanapotezewa kumbukumbu. Akasema la Wakili, akasema la Mkunga. Mwisho akasema la Bi Mvuke mwenyewe, pamoja na lile wasilokubaliana, bila kukosea.

"Sawa," marehemu akasema. "Zamu yako."

Alifariki Jumamosi tarehe 11 Novemba 2023, saa nane na dakika kumi mchana.

Alikataza isemwe leo kwamba aliwaunganisha wanawake. Alisema hawakuungana, walisikilizana, na kwamba hilo ni gumu zaidi na hudumu zaidi.

Ameacha binti mmoja, mkwe, mjukuu mmoja, kaka mkubwa na wadogo wawili wa kiume, watoto kumi na watatu wa ndugu zake, wenzake watatu wa Jumamosi, na watoto kumi na tisa waliosajiliwa katika chumba cha pasi hadi Ijumaa iliyopita. Bodi inakaa keshokutwa, Alhamisi, saa nne asubuhi. Familia inaomba kila aliyefika hapa leo afike na huko.

Zamu imepokelewa, Bi Mvuke, na imerudiwa sawasawa. Sasa unaweza kuondoka. Pumzika kwa amani.