Mwalimu Bathsheba Aliyesema Hapana

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kuanzia Mosocho hadi milima ya Manga. Jioni hii tunamkumbuka Mwalimu Bathsheba Mokeira. Alikuwa mwalimu wa sayansi. Alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake Nyacheki baada ya kuugua, na wengi wetu tunamshukuru kuliko tulivyowahi kumwambia.

Bathsheba alizaliwa katika familia ya wakulima wa chai. Dada yake, Mama Eucabeth, anasema: "Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia uyoga huu unaliwa, atakuuliza nani aliula, na yuko wapi sasa."

Turudi mwaka wa 1989. Bathsheba alikuwa akifundisha sekondari moja ya wasichana huko Manga. Shule ilikuwa ikijiandaa kwa maonyesho ya sayansi mjini Kisii. Mwanafunzi wake hodari, Loice, alikuwa amebuni dawa ya mapunye. Alichoma maganda ya ndizi, akachemsha majivu yake, akaongeza chokaa ili dawa iwe kali, kisha akachanganya na samli. Sasa alitaka kuipaka kwenye vichwa vya watoto wa shule ya msingi ya jirani, halafu awapeleke Kisii waonekane wamepona.

Bathsheba alimuuliza, "Mama zao wanajua?"

"Bado, Mwalimu. Lakini watoto wenyewe wamekubali. Nimewaahidi peremende."

"Mtoto wa darasa la kwanza akikubali kwa peremende, Loice, amekubali dawa au amekubali peremende?"

Bathsheba akasema hapana. Dawa haitamgusa mtoto yeyote.

Mwalimu mkuu, Bwana Machogu, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, wasikilizaji. Alikuwa na kiu ya kombe tu. "Mwalimu, mwaka jana tulirudi mikono mitupu," alisema. "Maonyesho yamefika. Ukikataa, nitampa mwalimu mwingine kazi hii."

Bathsheba alikuwa mgeni pale shuleni, na aliogopa kufukuzwa kazi. Alimwambia dada yake hivyo baadaye. Lakini alijibu kwa upole: "Mpe, Mwalimu. Ila Sabato hii nitasimama kanisani niwaeleze akina mama kitakachopakwa kwenye vichwa vya watoto wao."

Bwana Machogu aliinamisha kichwa. "Basi unataka tufanye nini?"

"Tuijaribu kwanza mahali pasipo na mtu wa kuumia."

Alikwenda buchani mwenyewe, akanunua kipande cha ngozi mbichi ya mbuzi, yenye manyoya yake. Loice akaipaka dawa huku amenuna. Asubuhi yake waliitazama pamoja. Bathsheba alivuta manyoya kwa koleo, yakang'oka kwa mafungu, kama ya kuku aliyetiwa maji moto. Chini yake ngozi ilikuwa imelainika na kuteleza.

Loice aliangua kilio. "Ningewaunguza, Mwalimu. Ningewaunguza wale watoto."

Bathsheba hakumkaripia. Alimshika mabega. "Hujamuunguza mtu. Sasa nenda Kisii, ukaseme ulichokiona. Usipunguze, usiongeze."

Loice alikwenda. Alisimama mbele ya waamuzi na ile ngozi yake. Mmoja wao alimuuliza, "Mbona umetuletea dawa iliyoshindwa?"

"Ili mwenzangu asiijaribu kichwani mwa mtoto," Loice akajibu.

Hawakupata kombe. Nasema tena, hawakupata kombe. Lakini Jumatatu, Bwana Machogu aliwasimamisha wanafunzi wote, akawaambia wampigie Loice makofi. Tena akatangaza kuwa tangu siku hiyo, jaribio lolote la kumgusa mtu au mnyama lingepita kwanza kwa Mwalimu Bathsheba. Watoto wa jirani walipelekwa zahanati na mama zao, wakatibiwa.

Leo Loice ni muuguzi mjini Kisii. Tulipomtembelea alituambia: "Kila ninaposhika sindano, kwanza namweleza mgonjwa, hata kama foleni ni ndefu. Wenzangu hunicheka kwamba nachelewa. Siku zile nilimchukia Mwalimu kabisa. Nilipomwona hospitalini mwezi uliopita, Kiswahili hakikunitosha. Nilimwambia kwa lugha ya mama, mbuya mono. Asante sana. Akacheka, akaniuliza kama nimekula."

Kwa Mama Eucabeth, kwa ukoo wote wa Nyacheki, na kwa wasichana wote waliopita mikononi mwake: poleni sana. Mungu awape nguvu. Tunalia pamoja nanyi, na tunashukuru pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala, fikirini kidogo. Yuko mtu aliyewahi kukuambia hapana, ukamkasirikia, kumbe alikuwa anakuokoa. Kama yu hai, usingoje tumtaje redioni. Kesho asubuhi mwendee, umsalimie, angali anaweza kuitikia.