Unyayo, Gia na Panya

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliowekwa juu ya mawe, mkabala na banda la kupimia majani chai, njia ya kutoka Mogogosiek. Hapo tunangoja lori la kiwanda, na lori likichelewa, jambo ambalo ndilo kazi yake, tunakunywa kahawa ya Priscah. Ndiyo, kahawa. Chai tumeichuma tangu asubuhi, tumeibeba mgongoni na kuipangia foleni. Kuinywa tena mchana ni kujitafutia maudhi. Kibanda cha Priscah ndicho pekee chenye waifai mteremko mzima, kwa hiyo kila mwenye shida ya simu hutua hapa, na akitua hapa shida yake inakuwa ya wote. Mimi wananiita Karani kwa sababu niliwahi kushika mizani ya kituo. Kiptanui ni Waziri, maana hakuna jambo asiloweza kulitolea tamko. Mzee Ojwang ni Boila: alikuja kutoka pande za ziwa akiwa kijana, akalisha tanuri la kiwanda kuni mpaka akastaafu, na kwao hakurudi. Mwanawe Clifford hutengeneza simu kwenye kona ya kibanda.

Siku hiyo alifika Chepkurui, ambaye sote tunamwita Mama Rodah. Alitua kikapu cha majani, akafungua leso, na ndani ya leso mlikuwa na tableti nyembamba.

Mama Rodah: Clifford, hii Rodah alinitumia kutoka Ujerumani. Kuna mzee anatunza huko, alikuwa mtu wa kompyuta, akampatia. Sasa imekataa vidole yangu.

Akabonyeza tuone. Kweli, kimya. Vidole vya mchuma chai vimekaushwa na utomvu mpaka vikawa vigumu, na kioo kinadhani kimeguswa na kijiti.

Waziri: Lete, nijaribu mimi.

Akagusa mara moja, ikafunguka. Vidole vya Waziri ni laini kama vya mtoto mchanga, na sababu tunaijua, kwa kuwa mkewe hupita hapa kila siku na kikapu.

Waziri: Lakini Mama Rodah, ukitaka kuongea na msichana, si Clifford hukupigia na simu yake?

Mama Rodah: Hiyo ndio shida. Rodah akiona Clifford anasema, “Niko sawa, Mama, salimia watu.” Halafu anacheka. Mimi nilimzaa, hiyo kicheko si yake. Nataka nimpigie mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu, aniambie vile yuko. Hiyo tu.

Tulitikisa vichwa kwa heshima. Kisha tukasahau.

Clifford: Kwanza hii inaendeshwa na Linux, si kama simu zenu. Na sura yenye yule mzee aliweka ni nzito, na vitufe vyake vidogo kama chawa. Tunaweza badilisha.

Boila: Kubadilisha sura? Omera, kijana, sura ya nani?

Clifford: Desktop, Baba. Ile kitu unaona ukiwasha. Ndani inabaki ile ile, nje unachagua unayotaka. Kuna yenye alama ya unyayo, kuna ya gia, na kuna ya panya.

Hapo ndipo alipaswa kunyamaza.

Boila: Gia. Hakuna mambo ya kuongea. Kiwanda yote inatembea na gia. Ni nani hapa amewahi ona kiwanda inatembea na panya?

Priscah: (kutoka dirishani, birika mkononi) Panya isikuje hapa! Unga yangu imeisha na hao watu!

Clifford: Si panya ya ukweli, Priscah, ni picha tu. Na hiyo ndio nyepesi. Ya gia ni nzuri, lakini memori ya hii tableti ni kidogo. Itakwama.

Boila: Gia ikikwama unapaka grisi.

Waziri: Nyinyi wote hamjui. Ng'ombe yako ikiibiwa usiku unafuata nini? Gia? Unafuata unyayo mpaka unaifikia. Sasa Rodah yuko Ujerumani. Tutamfikia aje bila unyayo?

Mimi: Waziri, njia ya Ujerumani ina bahari katikati.

Waziri: Na bahari haina chini? Si huko chini ndio wamepitisha ile waya ya mtandao? Mtu aliikanyaga akiipitisha. Unyayo uko.

Clifford alikubali kwamba waya upo chini ya bahari. Lilikuwa kosa. Waziri alipigapiga goti lake kama mtu aliyeshinda kesi, na Boila akakasirika wazi wazi.

Boila: Waya inasukumwa na nini? Dunia yenyewe inazunguka, inazungushwa na nini? Weka gia hapo ndani, Clifford, uone kama Ujerumani haitavutwa mpaka sokoni Litein.

Priscah: Mimi nawaambia, panya moja huleta wenzake. Leo mnaweka kwa tableti, kesho iko kwa simu ya kila mtu anakunywa waifai yangu.

Mimi nami nilikuwa na hoja, na nakiri niliipenda sana. Nilisema panya hupita kwenye tundu dogo, na mtandao wetu ni tundu dogo, kwa hiyo panya atafika mahali ambapo unyayo na gia vitakwama mlangoni. Clifford alinitazama, akarudia bisibisi yake.

Hapa kwetu jambo likishindikana tunalimaliza kama tunavyochagua kamati ya kituo: mgombea anasimama mbele, wafuasi wanapanga mstari nyuma yake, mkubwa anahesabu. Waziri akasimamia unyayo, Boila akasimamia gia, mimi nikasimamia panya. Tukageuka kuangalia wafuasi. Hapakuwa na mtu. Clifford alisema fundi hapigi kura, na Priscah alitaka kura ya kupinga panya tu, kitu ambacho sheria yetu haina.

Waziri: Nimeshinda.

Mimi: Umeshinda aje, na sisi sote tuko mmoja mmoja?

Waziri: Mimi ni mrefu. Mstari yangu ndio mrefu.

Mama Rodah: Na mimi je?

Waziri: Wewe ni nani kwa hii uchaguzi, Mama Rodah?

Mama Rodah: Mimi ndio mwenye tableti.

Waziri: Ndio maana. Mwenye mali atapendelea.

Mama Rodah alikuja taratibu akasimama nyuma yangu.

Mama Rodah: Mimi nimebeba mzigo tangu asubuhi. Nataka ile nyepesi.

Basi panya akapita. Lori lilizidi kuchelewa, kahawa ikazunguka tena, na Clifford akaweka ile sura mpya. Akatoa vitufe vyote akabakiza kimoja tu, picha ya Rodah, kikubwa cha kujaza kioo. Mama Rodah akabonyeza shavu la mwanawe kwa kidole. Kimya. Akapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kidole kikateleza hadi ukingoni, na bado kimya.

Waziri: Jaribu kiwiko.

Priscah: Kidole ya mguu!

Boila: Ngojeni. Pua. Pua haijawahi chuma chai.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama Rodah hakucheka. Aliinama akamgusa Rodah kwa ncha ya pua, kama anavyosalimiwa mtoto aliyelala, na tableti ikaanza kuita. Tulishangilia kama watu waliopiga bao, kisha sote tukajibana kwenye ubao nyuma yake ili tuone.

Rodah akatokea. Nadhani aliona pua kwanza, halafu mama mzima.

Rodah: Mama! Umepiga wewe mwenyewe?

Mama Rodah: Mimi mwenyewe. Na pua.

Msichana akacheka, na hata mimi nisiyemzaa nilijua kwamba kicheko hicho kilikuwa chake. Kisha kicheko kikakatika. Akasogeza uso karibu na kioo, akashusha sauti.

Rodah: Mama, uko peke yako?

Bega langu lilikuwa pale. Kofia ya Boila ilikuwa pale, na kidevu cha Waziri, ambaye ana jibu la kila swali hadi la chini ya bahari. Hakuna aliyejibu. Mama Rodah hakugeuka kututazama wala hakutufukuza. Alingoja tu, mikono yake migumu imeshika tableti kwa kando.

Boila ndiye aliyeinuka kwanza. Nikamfuata. Clifford akaacha bisibisi mezani, Priscah akavuta dirisha lake taratibu lisipige kelele, na Waziri akaondoka kwa ncha za vidole, kahawa yake nusu kikombe ikibaki kwenye ubao. Tulivuka barabara tukasimama juani karibu na mizani, tumewapa mgongo.

Upepo ulituletea sauti yake.

Mama Rodah: Eeh. Sasa niko peke yangu. Sema, mama.